Mgeni Aliyekuja Kufundisha Weupe

Nchi ninayoisimulia haiko popote, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Haina hata jina. Lilikuwapo la zamani, likafutwa, na kamati ya kutafuta jipya ingali inaketi, inakunywa chai na kuahirisha. Ukituuliza tunatoka wapi tunajibu, "Hapa," na kwa kuwa hatuna ruhusa ya kusafiri, hakuna aliyewahi kutukosoa.

Mimi nafundisha Kiswahili darasa la tatu katika Shule ya Msingi Shukurani, mkoa wa mwisho kabisa, kule ambako mawingu hupita juu kwa juu kama magari ya wakubwa. Shule ilipewa jina hilo ili tuanze kushukuru mapema, kabla bomba la maji halijafika. Kisima tulikuwa nacho. Pampu yake ilipoharibika, serikali sikivu ilimleta fundi, fundi akathibitisha kwamba kweli imeharibika, tukampigia makofi, akaondoka na mpini wake kama kielelezo. Tangu hapo watoto huja shuleni na chupa za maji ya bwawa la punda. Wasio na chupa huja na midomo yao tu.

Basi Mtukufu, kiongozi wetu, aliumwa jino. Na kwa kuwa anawapenda sana madaktari wa Hapa na hakutaka kuwachosha, alikwenda kutibiwa nchi za Kaskazini ya Mbali. Akiwa kitandani, akatazama dirishani, akaona theluji. Alirudi akiwa mtu mwingine.

"Ndugu wananchi," alituambia redioni, kwa sauti ya mtu mwenye ganzi upande mmoja wa taya, "nimeuona weupe! Umeshuka kutoka juu, bila kelele, bila maandamano, ukafunika kila kitu, na hakuna aliyelalamika. Taifa lisiloijua theluji litajifunza wapi utulivu?"

Ikaamriwa kwamba kila mtoto wa darasa la saba afundishwe Kaskazini ya Mbali: watu wake, wanyama wake, na zaidi ya yote theluji yake. Mkaguzi angezunguka nchi nzima, na katika kila mkoa, shule itakayoshinda ingeunganishiwa bomba la maji.

Hapo ndipo tulipopiga vigelegele. Wazazi, walimu, wauza mkaa, na nadhani hata punda.

Darasa la saba lilikuwa la Mwalimu Sikudhani Mbegu, mwembamba, mkali, mwenye tabia ya kucheka kwa pua. Aliifunga redio, akasema, "Bomba hilo ni letu. Nitawafundisha theluji mpaka watetemeke."

*

Tatizo lilikuwa moja dogo tu: hatukuwa na kitabu, ramani, picha wala mtu aliyewahi kufika huko. Sikudhani alikumbuka ukurasa mmoja wa kitabu alichosoma chuoni, wenye nyumba za barafu na jua lisilotua. Aliufundisha ukurasa huo neno kwa neno, ukaisha. Akaniomba nimsindikize mkoani, kwenye Idara ya Zana za Kufundishia.

Afisa Zana, Bwana Ngwaru, alitupokea vizuri. Nyuma yake palikuwa na kabati kubwa la mbao lililofungwa kwa kufuli.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Sikudhani. "Tunatafuta chochote kuhusu Kaskazini ya Mbali. Hata picha iliyochanika."

"Marahaba, mwanangu. Vyote vipo." Akaligonga kabati kwa upendo. "Vitabu, ramani, tufe la dunia linalozunguka lenyewe."

"Tunaomba kuviona."

Bwana Ngwaru alimtazama kama aliyeombwa avue suruali. "Kuviona? Mwalimu, zana za taifa hazionwionwi hovyo. Zikionwa zinachakaa."

"Sasa watoto watajifunzaje?"

"Kwa kujua kwamba zipo."

"Mheshimiwa, mimi nitalitazama hilo tufe kwa jicho moja tu. Likichakaa, lichakae upande mmoja."

"Ufunguo anao Afisa Funguo," alisema Bwana Ngwaru, uvumilivu ukianza kumwisha, "na Afisa Funguo yuko semina."

Lakini moyo wake si wa jiwe. Kutoka mtoto wa meza alitoa picha moja kubwa, akaishika kwa mikono miwili, akatukabidhi. Ilikuwa picha ya Mtukufu akiwa Kaskazini ya Mbali. Uso wake ulijaa picha nzima, kutoka ukingo hadi ukingo. Nyuma ya sikio la kushoto palibaki pembe ndogo nyeupe.

"Hiyo hapo nyuma ya sikio," alituonyesha Bwana Ngwaru, "ndiyo theluji."

"Siyo ukuta wa hospitali?" aliuliza Sikudhani.

"Unataka kusema Mtukufu alisimamishwa ukutani akapigwa picha kama mwizi wa kuku?"

Sikudhani hakutaka kusema hivyo. Tukarudi na picha.

Darasa la saba likasoma sikio. Walilichora, wakalipima, wakalijua hata wakiwa wamefumba macho. Ndipo Havijawa, binti wa muuza mkaa, mtoto anayeuliza kama anayelipwa, aliponyoosha kidole.

"Mwalimu, kwani theluji inaota nyuma ya masikio ya wakubwa peke yake?"

"Kaa chini, Havijawa."

"Nauliza tu. Baba yangu nyuma ya sikio lake pana masizi."

Sikudhani akacheka kwa pua, kisha nikamwona anafuta macho. Siku ya pili yake alileta unga wa muhogo wa nyumbani kwake, uliokuwa wa chakula cha jioni. Akapanda juu ya dawati na chekeche, akawaambia watoto wanyamaze, akaanza kuchekecha. Unga ulishuka polepole ukiyumba, ukatua kwenye nywele, kwenye kope, kwenye madaftari. Nililiacha darasa langu nikaja kuchungulia dirishani. Hakuna mtoto aliyepumua kwa nguvu. Kwa muda mfupi kila mtu katika chumba kile alikuwa Kaskazini ya Mbali.

Halafu wakaanza kulamba madawati, na safari ikaishia hapo.

Habari zikafika mkoani. Tukaletewa onyo kali kwamba shule imekutwa na theluji ya kughushi. Na Mtukufu, aliposikia kwamba raia wanajitengenezea theluji majumbani, aliumia moyo. Akaamuru iagizwe halisi.

*

Sasa lazima niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo mnaweza kudhani kulitokea uzembe. Hapa, mgeni haharakishwi. Mgeni huketishwa, huamkiwa, huulizwa habari za safari, husomewa risala, na mwenyeji anayemwachia mgeni apite mlangoni kwake bila kumketisha ni mtu asiyelelewa. Na kwa kuwa theluji ilitoka kwa marafiki wa Mtukufu, Ofisi ya Itifaki ilitamka kwamba si zana tu. Ni mgeni wa taifa.

Mgeni alishuka kwenye ndege akiwa ndani ya sanduku zuri la kutunza baridi, mgumu, mweupe, ametimia. Akapelekwa uwanja wa mpira, akatolewa sandukuni ili wananchi wamwone, akawekwa kwenye beseni la fedha juu ya kiti chekundu, akavishwa shada la maua. Kivuli kilikuwa kwa wakubwa tu. Kwaya ikaimba beti zote. Kisha Waziri wa Elimu akasimama na risala.

"Mgeni wetu mpendwa! Umetoka mbali! Sisi watu wa Hapa hatuna tulichokuandalia ila mikono miwili na jua letu. Jisikie nyumbani!"

Na mgeni akajisikia nyumbani. Risala ilipofika ukurasa wa pili alianza kung'aa. Ilipofika sehemu ya mafanikio ya serikali alikuwa anatiririka, nasi tukatangaziwa kwenye vipaza sauti kwamba hayo ni machozi ya furaha. Waziri alipomaliza, mchana ulikuwa umekwisha. Alishuka jukwaani kumpa mgeni mkono, akatazama ndani ya beseni. Akavua kofia.

"Mgeni," akasema Waziri, "amechoka na safari. Amejilaza."

Nani angesema neno jingine? Mtukufu alisema ni theluji, Itifaki ilisema ni theluji, mihuri ilikuwa imeshachongwa. Wakammimina mgeni kwenye madumu ya njano, wakayafunga kwa lakiri, wakayaandika kwa rangi nyekundu: THELUJI. Madumu yakasafirishwa mikoani. Mkoa ukaliketisha dumu lake, ukalisomea risala, na Mkuu wa Mkoa akaonja kidogo kuhakiki ubora. Wilaya ikaketisha, ikasoma, ikahakiki. Tarafa, hivyo hivyo. Wote waliripoti kwamba ubora ni mzuri sana, hasa wakati wa joto.

*

Dumu letu lililetwa na polisi mwenye bunduki. Mwalimu Mkuu, mzee Mwinyimvua, alilisainia, likawekwa juu ya kiti mbele ya darasa la saba. Masharti yalisomwa kwa sauti: lisiguswe, lisifunguliwe, lisisogezwe. Wanafunzi walitazame kwa heshima mpaka Mkaguzi aje.

Polisi alipokinyoosha kiti ili dumu likae vizuri, dumu likasema chubwi.

Watoto wote wakageuza shingo kwa pamoja. Hamjawahi kuona darasa makini namna ile.

"Mwalimu Mkuu," alinong'ona Sikudhani koridoni, "hayo ni maji."

"Nyamaza."

"Ni maji, mzee wangu. Nimeyasikia."

"Mimi nimesaini nimepokea theluji. Nina wake, nina wajukuu, nina pensheni inayokuja kwa kuchechemea. Kwa hiyo ni theluji."

"Na bwawa likikauka kabisa?"

"Bomba linakuja," alisema Mwinyimvua. "Vumilieni. Tukishinda, bomba linakuja."

Bwawa likakauka kabisa. Punda walilizunguka siku nzima, wakalala kwenye ufa wa tope. Wazazi walianza kwenda mbali kutafuta maji, wakarudi jioni na vidumu nusu, na watoto wakaja shuleni midomo imepasuka kama kuta zetu. Lakini walikuja. Wote walijua ni nini kinachogombaniwa. Sikudhani alifundisha sauti ikikwaruza: paa wa huko wenye pembe kama matawi, watu wanaovua samaki kupitia tundu la barafu, usiku unaodumu msimu mzima. Darasa lilitiririka jasho likiimba majina ya aina za baridi. Na dumu pale kitini, kila lori lilipopita barabarani na kutikisa sakafu, lilisema chubwi.

Asubuhi moja Sikudhani alimwita Havijawa asimame aeleze jinsi theluji inavyoanguka.

"Theluji," alisema Havijawa, akiwa ameshika dawati, "huanguka polepole. Haina sauti. Ukiwa ndani ya nyumba huwezi kujua kama imeanguka mpaka..."

Naye akaanguka, polepole, bila sauti.

Niliposikia kelele nilikimbia. Nilimkuta Sikudhani amepiga magoti, kichwa cha mtoto kikiwa pajani mwake. Midomo ya Havijawa ilikuwa ya kijivu, na macho yamegeuka.

"Lete maji!" alipiga kelele.

Tukatazamana. Shule nzima hakukuwa na maji. Shule nzima tulijua yalipo.

Mwalimu Mkuu alitokea mlangoni. "Mwalimu Sikudhani, nakuomba. Mkaguzi yuko wilayani. Bomba, Mwalimu! Fikiria bomba!"

"Nalifikiria," alisema Sikudhani. Akalivuta dumu, akaing'ata lakiri ya Jamhuri kwa meno, akaitema.

Alimimina kwenye kopo la chaki. Funda la kwanza lilimwagika shingoni mwa Havijawa. La pili likaingia. La tatu alilimeza mwenyewe, akafumbua macho, akasema, "Ina ladha ya chaki."

Darasa zima lilikuwa limesimama. Hakuna aliyesukuma. Walipanga mstari wenyewe, mdogo mbele, mkubwa nyuma, na kopo likazunguka. Nililileta darasa langu la tatu, maana nao walikuwa na midomo. Mwalimu Mkuu alipofikiwa na kopo alilipokea, akageukia ukuta ili asione ni nani anayekunywa, akanywa.

*

Mkaguzi Mkuu wa Weupe, Bwana Pazi, alifika na msafara mrefu. Nyuma kabisa kulikuwa na lori, na juu ya lori, mabomba. Yalikuwa mapya, ya bluu, yanang'aa. Wazazi walisimama kwenye uzio wakayatazama kama watu wanaotazama arusi.

Tulikuwa tumehangaika kulijaza lile dumu. Kwa kitu gani? Maji hayakuwapo. Mwalimu Mkuu alitoa ushauri ambao sitauandika, na punda hawakutoa ushirikiano.

Bwana Pazi aliketishwa, akaamkiwa, akaanza maswali. Watoto walimshangaza. Wakamjibu wanyama, wakamjibu mavazi, wakamjibu jua lisilotua. Wakamchorea sikio. Alitoa kitambaa akajipangusa jicho.

"Nimezunguka shule nyingi," alisema, "sijaona watoto walioifahamu Kaskazini ya Mbali kama hawa. Dereva, anza kushusha."

Nje tukasikia bomba la kwanza likigonga ardhi. Mama mmoja kwenye uzio akaanza kigelegele.

"Lakini kwanza," alisema Bwana Pazi akiinuka, "tumwamkie mgeni."

Akaliinua dumu kwa heshima ya uzito liliostahili kuwa nao, na mikono yake ikaruka juu, maana halikuwa na uzito. Akalitikisa. Kimya. Akapaona pale palipokuwa na lakiri.

"Mgeni yuko wapi?"

Kisha Havijawa akasimama.

"Yumo humu, Mheshimiwa." Akajigusa tumbo. "Tumemkaribisha ndani."

"Mmemnywa?" Sauti ya Bwana Pazi ilipasuka. "Mmemnywa mgeni wa taifa? Wewe mtoto, unajua kweli theluji ni nini?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Theluji ni maji yaliyopewa cheo."

Nje, dereva wa lori alicheka, kisha akakumbuka kwamba ana familia.

Sikudhani alikuwa ameshasonga mbele, akamficha mtoto nyuma ya sketi yake. "Nimewanywesha mimi. Mtoto huyu alikuwa anakufa. Niandike mimi."

Bwana Pazi alimtazama, si kwa hasira. Kwa masikitiko hasa, kama mtu anayetazama nyumba nzuri ikiungua. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye lori.

"Mwalimu, si ungengoja tu? Maji yalikuwa yanakuja."

Bomba lililokwisha kushushwa likapandishwa tena. Mama wa kigelegele alilifuata lori hadi kona, ameshika ncha ya bomba lile, mpaka likamponyoka.

Mabomba yalikwenda Shule ya Msingi Ufukweni, kando ya mto mkubwa. Dumu lao lilikutwa na lakiri kamili. Watoto wa kule, alisifu Mkaguzi, wana nidhamu: hawakuligusa hata mara moja. Walikuwa wakinywa mtoni.

*

Mwalimu Sikudhani alipelekwa semina. Semina za nchi yetu ni za hali ya juu, na mlango wake hufungwa kwa nje ili washiriki wasisumbuliwe. Nimeuliza itakwisha lini. Nimejibiwa kwamba yeye na Afisa Funguo wanaendelea vizuri.

Darasa la saba nimekabidhiwa mimi. Mtukufu, kwa huruma yake, aliamua kutupatia nafasi nyingine, na jana dumu jipya lililetwa. Kwa kuwa sasa sisi ni shule yenye historia, lilipitishwa kwenye ofisi zaidi kuliko mwanzo, na kila ofisi ikaliketisha, na kila ofisi ikahakiki.

Polisi alinikabidhi pale uwanjani. Lakiri zilikuwa nzima, nyingi, zimepangana shingoni kama shanga. Nililipokea kwa mikono miwili, nimejiandaa kwa uzito. Lilikuwa jepesi kama kofia.

Nikamtazama polisi. Polisi akatazama bendera.

"Saini hapo, Mwalimu. Theluji, dumu moja."

Nikasaini.

Nilipogeuka, watoto walikuwa wameshapanga mstari kutoka mlango wa darasa hadi kwenye kisima kisicho na mpini, mdogo mbele, mkubwa nyuma, kila mmoja na kikombe, kifuu au kiganja. Havijawa alikuwa pembeni, ameshika kopo la chaki, ameshalisugua likang'aa. Walinitazama mikono, wakiningoja nifungue.